Picha ya Wiki ya Sita

Simu tatu nilizifunga kwenye kitambaa cha kufutia rangi, nikazipeleka kwa fundi simu. Yuko kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya umeme: meza moja, taa moja ya kuinama, na kioo cha kukuzia kilichofungwa kichwani kwake kwa mpira. Mwanamke wa makamo, mdomo wake hauna likizo.

"Karibu, Msasa," akasema. "Leo umekuja kumkwangua nani?"

Msasa ndilo jina langu mtaani. Nimepaka rangi magari miaka thelathini na moja, na watu wanasema ulimi wangu unakwangua kuliko msasa wenyewe. Hata mke wangu aliniita hivyo akitaka ninyamaze. Sasa hayupo, na mimi sijanyamaza. Kwa miezi minne tangu tumzike nimewaandikia wakubwa wa kliniki ya vidonda barua tatu, kwa mwandiko wangu wa darasa la tano. Mbili walizikalia. Ya tatu wakaijibu: njoo Alhamisi saa nne asubuhi, kikao cha malalamiko kitakusikiliza. Siku niliyokwenda kwa fundi ilikuwa Jumanne.

"Nataka uzilinganishe kamera za hizi simu," nikamwambia fundi. "Nijue ipi inasema kweli."

"Kamera haisemi, inaona."

"Basi ipi inaona."

Akaacha kutabasamu. Alimjua mke wangu.

Mke wangu alikuwa na kisukari. Kidonda kilimwanza kwenye kisigino cha kushoto, ukubwa wa punje ya hindi. Zamani mtu wa kidonda alikwenda kliniki kila Jumatatu. Muuguzi anavaa glavu, anabonyeza pembeni, ananusa, anakunja uso au hakunji, nawe unajua umesimama wapi. Wakaja wakubwa wapya, watu wa viti vya kuzunguka, wakaona foleni ni ndefu, inaharibu sura ya jengo. Wakabandika tangazo: mgonjwa apige picha ya kidonda nyumbani kila Jumatatu, aitume kwenye namba ya kliniki, atajibiwa. Foleni ikaisha. Nadhani walipigiana makofi.

Na mimi nikakubali. Hapo ndipo ninapojikwaa kila nikiamka. Mteja akiniletea rangi ya gari lake kwenye picha ya simu, namrudisha nayo. Namwambia lete gari. Namwambia picha inaongopa, jua linaongopa, kivuli kinaongopa, lete mlango wenyewe niuweke mbele ya macho yangu. Wamenuna, wameniita mkaidi, wengine wamehama kabisa. Miaka yote hiyo niligombana na watu kwa ajili ya mlango wa gari. Halafu mguu wa mke wangu nikautuma kwa picha, kwa sababu waliovaa tai walisema inatosha.

Fundi alizipanga simu mezani kwa umri wake.

"Hizi zote baba mmoja mama mmoja," akasema. "Kampuni moja. Huyu ni toleo la pili, huyu ndiye babu. Huyu wa tano. Na huyu wa tisa, kitinda mimba."

Ya pili ilikuwa yangu ya zamani. Ya tano ilikuwa ya mke wangu, iliangukia kwenye beseni la saruji na kioo cha kamera kikapasuka. Ya tisa ndiyo niliyokuwa natembea nayo.

Akafungua kopo la kamera alizong'oa kwenye simu mbovu, akatafuta kwa kibano mpaka akapata tatu za matoleo hayo hayo. Akanivisha kile kioo chake cha kichwani.

"Ona hicho kidude cha chini. Hicho ndicho kihisi, ndicho kinachopokea mwanga. Lenzi ni mlango tu. Kihisi cha babu ni kama punje ya ulezi. Ni dirisha la choo, mwanga unaingia kwa kuomba ruhusa. Ndiyo maana ukipiga ndani ya nyumba picha inatoka na chengachenga. Lenzi yake plastiki tupu. Huyu wa tano kihisi kimenenepa kidogo, lenzi nzuri kama isingepasuka. Sasa mtazame wa tisa."

Nikamtazama. Kihisi kilikuwa kipana kama ukucha wa kidole kidogo, na juu yake vilenzi vimepangwa kama sahani kabatini.

"Hilo ni dirisha la sebuleni," akasema. "Kati ya babu na mjukuu hapo hakuna mashindano."

"Usiniambie. Nionyeshe."

"Haya, mkwanguaji."

Nilikuwa na kadi yangu ya sampuli, vibati saba vya rangi nyekundu nilizochanganya kwa mkono wangu, kuanzia nyekundu ya tofali mpaka ile ya kutu iliyolowa. Nilichagua nyekundu kwa makusudi, kwa sababu ukingo wa kidonda ni nyekundu, na nyekundu moja ni ya kupona na nyingine si ya kupona. Fundi akaiegemeza kadi kwenye kopo pale kibarazani penye kivuli, akapima umbali kwa rula, akapiga kwa simu zote tatu.

Toleo la pili lilichanganya tofali na kutu, zikawa kitu kimoja. La tano lilitoa rangi nzuri, ila mstari mweupe wa ufa ulipita katikati. La tisa lilizitenga zote saba. Hata kile kibati ambacho nilikosea nikazidisha tone moja la nyeusi, lilikiona.

Niliduwaa. Nilikuja kutafuta mwongo. Halafu, nisiseme uongo, nikafurahi. Kama simu ni nzima namna ile, basi kosa lote ni lao. Walitumiwa kidonda kilivyo, wakakitazama kwa jicho la mtu anayesubiri chai. Nikaanza kuzifunga simu zangu kwenye kitambaa, nikiona kabisa Alhamisi nitakavyowakalia kooni.

"Ngoja," fundi akasema. "Mlikuwa mnapiga picha ya bati au ya mtu?"

"Ya mtu."

"Vua kiatu."

"Mwanangu, kisigino changu hakitazamiki."

"Ndicho ninachokitaka."

Nikavua. Kisigino changu kina nyufa ambazo rangi ya miaka thelathini imeingia na haitoki. Nikakiweka juu ya kigoda, naye akapiga kwa toleo la pili. Picha ikatoka na chengachenga zake, giza kidogo, lakini nyufa zilikuwapo, ungeweza kuzihesabu. Kisha akapiga kwa toleo la tisa, akaniwekea simu usoni.

"Usipepese," akasema.

Picha ilitokea kama kisigino kilivyo. Halafu, kwa muda wa kumeza mate, nikaona nyufa zinafumba. Weusi ukapungua. Ngozi ikawa laini, ikang'aa kidogo, kama ya mtu anayeogea maziwa.

"Ikiona ngozi inaipaka poda," fundi akasema polepole. "Bati inaliacha. Ngozi inairembesha. Kila toleo wanaiongezea akili hiyo. Babu hana. Huyu wa tano anarembesha uso tu. Wa tisa anaijua ngozi popote ilipo, na kutoka dukani anakuja ikiwa imewashwa. Inazimwa hapa, kwenye hii alama ya kijiuso. Mara mbili tu unagusa."

"Nani aliwaambia waiwashe?"

"Watu wanapenda kuonekana wazuri, Msasa."

Nikamwambia afungue picha nilizotuma kliniki. Zilikuwa kumi na nne. Wiki ya kwanza mpaka ya tano ni za toleo la pili, na kwenye simu ya zamani bado zilikuwapo: kidonda kina kingo nyeusi, kinapanuka wiki hadi wiki, na chini yake majibu ya kliniki. Badilisha dawa. Njoo Jumatano tukione. Ongeza kufunga mara mbili. Wiki ya sita mpaka ya kumi na nne ni za toleo la tisa. Kisigino ni cha waridi. Kingo zimetulia. Chini yake: Kinaendelea vizuri, hongera, na dole gumba lililosimama. Madole gumba tisa.

Mke wangu ndiye aliyegundua, nami nikamcheka. Jumatatu ile ya sita nilimwonyesha picha kabla ya kutuma. Akaishika simu mbali na macho, akasema, "Huu si mguu wangu. Huu ni mguu wa bibi harusi." Nikamwambia ndiyo maana nimekuoa. Akasema, "Basi tuma upesi, kabla mwenyewe hajaja kuudai." Tukacheka wote wawili, nikatuma.

Jumatatu ya tisa, macho yangu haya yaliona wekundu unapanda kwenye kifundo, nyekundu ya kutu iliyolowa. Nikapiga simu kliniki. Nikawaambia rangi imegeuka, mimi najua rangi. Sauti ya kike ikanijibu kwa adabu, "Mzee wetu, picha inaonyesha vizuri. Utaratibu ni kufuata picha." Nikamwambia muuguzi mkuu aje aone. Akasema muuguzi mkuu yuko mkutanoni. Wiki ya kumi na nne homa ilimshika, tukambeba mpaka hospitali kubwa, wakakata mguu, na siku ya tatu akaondoka.

Fundi alinichapia kwenye mashine ya duka picha za kisigino changu, ya babu na ya mjukuu, kando kwa kando, akaziweka kwenye bahasha.

"Huu ndio ushahidi wako," akasema. "Waulize mbona hawakuwaambia watu wazime urembo. Waulize kuna nani pale anayejua simu. Hapo hawana pa kutokea." Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Hii ya tisa ulinunua wapi?"

"Sikununua. Nililetewa."

"Na nani?"

"Binti yangu."

Fundi akaweka kibano chini.

"Aliiona ile ya zamani picha zake za giza," nikasema. "Akasema, baba, mama anaumwa na ninyi mnapiga picha kwa tochi. Alijinyima. Aliileta mwenyewe, akaniwekea kila kitu, akanifundisha pa kubonyeza."

"Anajua?"

"Hajui. Na Alhamisi anakuja. Amesema hataniacha nikae peke yangu mbele ya wale."

Fundi akaisukuma bahasha upande wangu.

"Hapo, fundi mwenzangu," akasema, "mimi sina bisibisi yake."

Jumatano sikula. Nilimwambia binti asije, nikasema ni kikao kidogo, watasoma karatasi tu. Akaniambia, "Baba, mama yangu ni karatasi?" Yule ana ulimi wangu. Alhamisi saa tatu na nusu alikuwa mlangoni, amevaa viatu vya kazini, ameomba ruhusa ya nusu siku.

Chumba cha kikao kilikuwa mwisho wa korido ya kliniki, meza ndefu, chupa za maji, pazia limefungwa kama wanaogopa jua lisije likasikia. Walikuwa watatu: mwenyekiti mwenye sauti ya kubembeleza, muuguzi mkuu ambaye hatimaye alikuwa ametoka mkutanoni, na karani wa kuandika. Mwenyekiti akatupa pole ndefu. Watu hawa wanajua kutoa pole, wamesomea.

"Mzee wetu," akasema, "sisi tuko hapa kujifunza, si kulaumiana."

"Mimi nimekuja kulaumiana," nikasema.

Karani akainua kalamu, akaishusha.

Muuguzi mkuu akafungua faili. Walikuwa wamechapa picha zote kumi na nne. Alizisukuma mbele yangu moja moja, naye hakuwa mtu mkali, nitasema hilo.

"Wiki ya kwanza mpaka ya tano tunaona hali si nzuri, na tulichukua hatua," akasema. "Tulimwita mara mbili. Kuanzia wiki ya sita picha zinaonyesha kinapona. Ndiyo sababu hatukumwita tena. Tungependa kuelewa, mzee. Wiki ya sita kulibadilika nini?"

Binti yangu alikuwa amekaa kushoto kwangu. Aliinama kutazama ile picha. Nilisikia anavyopumua. Bahasha ilikuwa ndani ya koti langu, ninaihisi pembe yake kifuani. Nilikuwa nimeyapanga maneno, nimeyasema mbele ya kioo wakati wa kunyoa. Mnatuma watu wapige picha na simu ambazo hamzijui. Hamkumwambia mtu azime kitu. Nilikupigieni nikasema rangi imegeuka, mkasema utaratibu. Yote ya kweli. Na baada ya hayo yote lingebaki swali moja dogo, la karani tu, la kujaza karatasi: simu hiyo ilitoka wapi.

"Nilichagua," nikasema.

"Ulichagua vipi?"

"Nilikuwa napiga picha tano, sita. Natuma ile nzuri. Nilitaka kusikia kinapona."

Ni uongo. Kila Jumatatu nilipiga moja nikatuma moja. Lakini ulitoka mdomoni bila kukwama, nikajishangaa.

Karani aliandika haraka kuliko alivyoandika asubuhi yote. Mwenyekiti akashusha mabega. Akasema inaeleweka kibinadamu, familia nyingi hufanya hivyo, wataongeza mstari kwenye tangazo. Akaniomba nisubiri nje, karani aandike maelezo yangu vizuri, nije nitie saini. Ndivyo wanavyopenda wakubwa: kosa likae kwa mtu mwenye viatu vya vumbi.

Tulipotoka, binti hakunishika mkono. Alitangulia hatua mbili, akageuka.

"Kwa nini ulifanya vile, baba?"

"Ndiyo hivyo."

"Mama analalamika mguu unamchoma, na wewe unachagua picha?"

 Alikuwa na haki ya kuniuliza, na nilikuwa nimemkabidhi haki hiyo mwenyewe. Nilijiambia nitaizoea sura ile. Bora anichukie mimi, nimekwisha kuishi. Yeye ana miaka mingi ya kushika simu mbele yake.

Kwenye benchi la korido walikaa mume na mke, watu wa umri wa chini kidogo ya wangu. Mume alikuwa amenyoosha mguu juu ya kiti cha plastiki, bandeji imefunguliwa. Mke alikuwa na karatasi ya maelekezo pajani, anajifunza kupiga picha kabla hawajaruhusiwa kwenda nyumbani. Simu yake niliijua kwa mbali, vile vilenzi vitatu mgongoni. Toleo la tisa.

"Tulia basi, wewe mzee, hujatulia tangu unioe," akamwambia mumewe. Akapiga. Akatazama, akafurahi. "Ona donda linavyotoka zuri. Wala halitishi."

Nilipita. Nasema kweli, nilipita hatua tatu nzima, macho chini, binti yangu pembeni yangu akiwa amekunja mikono. Kisha nikasimama.

"Mama," nikamwambia yule mke, "nisaidie simu yako kidogo."

"Ya nini, kaka?"

"Kuna kitu inabidi kizimwe."

Akanipa, kwa sababu nina mvi. Nikatafuta ile alama ya kijiuso, nikaigusa mara mbili. Nikainama mbele ya mguu wa mume wake, nikapiga tena, nikamwekea picha zote mbili. Ya kwanza ngozi ya waridi. Ya pili kingo nyeusi, na uzi wa wekundu umeanza kupanda kuelekea kifundo.

Yule mama alizitazama, akautazama mguu wenyewe, akazitazama tena.

"Hii simu inarembesha ngozi," nikasema. "Haiwezi kuacha yenyewe. Usitume picha yoyote kabla hujaizima. Na leo usiondoke hapa. Mwite muuguzi aje na macho yake."

Mume akashusha mguu. "Kamwite," akamwambia mkewe. "Kamwite sasa hivi." Mke akaondoka nusu akikimbia, karatasi ya maelekezo ikaanguka, hakuiokota.

Niliponyooka, binti yangu alikuwa nyuma ya bega langu. Alikuwa ameziona picha zote mbili. Hakuitazama ile simu ya watu. Alikuwa ananitazama mimi.

"Umejuaje hiyo, baba?"

"Fundi alinionyesha."

"Lini?"

"Juzi."

Akahesabu. Nilimwona anahesabu, midomo inacheza kidogo, kama alivyokuwa mdogo akifanya hesabu za shule kwenye meza ya jikoni, mama yake akisubiri jibu.

"Nililileta lile lisimu wiki ya ngapi?"

"Sikumbuki."

"Baba."

"Mwanangu, wao ndio..."

"Baba, wiki ya ngapi."

"Ya sita," nikasema.

Alikaa kwenye benchi, kando ya yule mgonjwa, ambaye alisogea pembeni kumpa nafasi bila kuuliza. Nikakaa na mimi. Nilimwambia kwamba yeye hakujua. Nilimwambia kampuni haikusema, kliniki haikusema, niliwapigia wakanipuuza, kosa ni lao kuanzia juu mpaka chini. Yote niliyokuwa nimewapangia wale wa mezani nilimmwagia yeye, kwa sauti ya chini, na kila neno lilikuwa kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti langu, akaitoa bahasha. Sijui alijuaje iko pale. Labda aliniona asubuhi nikiishikashika.

Akaifungua, akatazama kisigino changu mara mbili, kizee na kijana. Akazirudisha picha ndani, akabaki na bahasha mkononi.

"Kaa hapa," akasema.

"Usiingie. Nimekwisha sema. Karani anaandika."

"Kaa, baba."

Alisimama, akajifuta uso kwa kiganja, akabisha hodi, akaingia bila kungoja kukaribishwa. Mlango ulirudi nusu, haukufunga. Muuguzi alikuja mbio na yule mama, akavaa glavu pale pale koridoni, akapiga goti mbele ya mguu wa mume, na mimi nikashindwa kugeuza kichwa kwa sababu nilikuwa nasikiliza. Ndani, mwenyekiti aliuliza kitu kwa sauti yake ya kubembeleza.  Kisha sauti ya binti yangu.

"Simu niliileta mimi."

Karani akamwomba arudie, taratibu, apate kuandika. Akarudia.